Mizani moja haitoshi michezo yote

Mhakiki anayepima michezo ya video ya Balatro, Astro Bot na Tales of Kenzera: Zau kwa mizani moja anawapunja wasomaji. Yote ilitoka mwaka 2024, lakini kila mmoja una raha yake.

Balatro ni karata tupu, kazi ya mtengenezaji mmoja. Hakuna shujaa. Mchezaji anatupa jozi yake, namba ya buluu inazidishwa na nyekundu, na alama zikivuka lengo, tarakimu zinawaka moto. Saa tisa usiku bado yuko macho! Maksi za juu ni haki ya mchezo huu. Astro Bot, wa kuruka na kukwepa, ulitwaa tuzo ya mchezo bora wa mwaka kwenye The Game Awards, wala haukupendelewa.

Zau ndio unaoonewa ukipimwa kwa mapigano peke yake. Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliutunga kutokana na msiba wa baba yake: kijana mganga anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, amrudishie mzazi. Na wahusika wanaweza kusikika wakizungumza Kiswahili. Mhakiki anayewaandikia Waswahili angeanzia hapo.