Gari Linaponuka Petroli

Wako mafundi waaminio kwamba harufu ya petroli katika gari la zamani hutafutwa kwa pua. Rai hiyo ni pungufu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hushuka, hutambaa, kisha hunuka mbali na ulikotoka. Pua nayo huzoea upesi, ikanyamaza hali hatari ingalipo.

Lifaalo kuulizwa kwanza ni harufu huja wakati gani. Mfano mzuri ni Volkswagen Beetle, iliyotengenezwa hadi mwaka 2003: tangi liko mbele, injini nyuma, na bomba la petroli hupita katikati ya sakafu. Harufu ikizidi baada ya kujaza tangi, ushukiwe mpira wa mdomo wa tangi. Ikizuka baada ya injini moto kuzimwa, kabureta ichunguzwe kwanza, kwani joto huchemsha petroli iliyosalia humo. Ikidumu injini ikinguruma, mipira iliyo karibu na pampu itazamwe nyufa, na safari iishie hapo.

Wenye kumulika kwa kiberiti (nao wapo!) hawajui kwamba hewa yenye mvuke huo kiasi cha asilimia 1.4 hivi yatosha kuwaka. Kazi hii hufanywa nje, mchana, injini imepoa, kwa kupangusa kila kiungo cha bomba kwa kitambaa kikavu hadi unyevu uonekane.