Nyimbo za Krismasi: Kwa Nini Wengine Wabaki Nje?

Nina neno langu, na wale watakaokasirika nawaomba wanisikilize kwanza hadi nitie nukta.

Kila ifikapo tarehe 24 Desemba, saa tisa alasiri, kanisa la King's College mjini Cambridge, Uingereza, hunyamaza kimya. Nje ni baridi kali na giza limeanza kubisha. Wavulana wa kwaya, kumi na sita, wamesimama tayari. Mmoja wao ataanza wimbo peke yake, bila kinanda, huku mamilioni wakisikiliza redioni. Ni nani huyo? Hata yeye mwenyewe hajui! Wameandaliwa kadhaa, na kiongozi wa kwaya humwonyesha mmoja dakika ile ile. Ati hivyo hapati nafasi ya kuogopa.

Wengi hudhani ibada hii ni ya kale kama jengo lenyewe, lililoanza kujengwa mwaka 1446. La hasha! Ilianza 1918, wiki sita tu baada ya mizinga ya Vita Vikuu vya Kwanza kunyamaza. Msimamizi wa kanisa la chuo, Eric Milner-White, alikuwa na umri wa miaka 34 na ndiyo kwanza ametoka kuwahudumia askari vitani akiwa kasisi. Vijana wengi wa chuo hawakurudi. Akaona sala za kawaida hazitoshi kwa watu wenye majonzi kama yale. Basi akaazima mpango wa Askofu Benson wa Truro wa mwaka 1880: masomo tisa ya Biblia, na nyimbo katikati. Watu wa Truro wakati huo hawakuwa hata na kanisa kuu. Waliimbia katika jengo la mbao.

Sasa tega sikio. Somo la kwanza husomwa na mtoto wa kwaya, la mwisho husomwa na mkuu wa chuo. Mdogo ndiye hufungua mlango, na mwakilishi wa mji naye ana zamu yake. Tena kwa miaka mingi, yeyote aliyevumilia foleni tangu alfajiri katika baridi ile aliingia bila kulipa hata senti. BBC ilianza kuitangaza ibada hiyo 1928, ikaikosa 1930 pekee. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vioo vya rangi viling'olewa vikafichwa, na jina la chuo halikutajwa redioni kwa kumhofia adui. Waliimba vivyo hivyo, wakitetemeka.

Waama, chuo kile ni cha wenye nazo, sipingi. Lakini hebu tujitazame sisi. Mwaka jana, jioni yetu ya nyimbo za Krismasi kabla ya kufunga muhula wa tatu, ukumbi ulijaa wageni wenye kadi. Wadogo zetu waliojiunga mwaka huo waliketi nyasini wakichungulia madirishani. Wapishi walioipikia kwaya chai kila jioni ya mazoezi walisimama karibu na jikoni. Na mwimbaji wa peke yake? Jina lilipigwa chapa tangu Septemba, yule yule wa mwaka juzi.

Nimejibiwa kwamba ukumbi ni mdogo. Ni kweli, na mvua za vuli haziruhusu uwanjani. Basi tuimbe mara mbili, jamani! Alhamisi tuimbe sisi wenyewe, wanafunzi, walimu, wapishi na walinzi. Ijumaa tuwaimbie wageni. Na masomo yasomwe kwa Kiswahili, la kwanza na mwanafunzi mpya, la mwisho na mwalimu mkuu, akikubali.

Mpishi mmoja nimekwisha kumwuliza kama atasoma somo la tano. Alicheka sana, kisha akasema atasoma, ila tumwandikie kwa herufi kubwa kwa sababu miwani yake imevunjika.