Mpagazi wa Mlimani Naye ni Mfanyakazi



Katika mkutano uliopita wa tawi letu lilizuka suala ambalo halikumalizika, nasi tumeona tulilete hapa kabla halijapigiwa kura. Mwenzetu mmoja alichuma chai miaka kumi na mmoja, akapoteza kazi mashine za kuchumia zilipoletwa shambani. Juzi alikuja kwa katibu akitaka kuendelea kulipa ada yake. Akaulizwa, unafanya kazi wapi sasa? Akajibu, "Mlimani. Nabeba mizigo ya watalii." Katibu akafunua daftari, akatafuta mahali pa kumwandika, asipaone. Ndipo maneno yakaanza. Wengine walisema mpagazi si mfanyakazi, ni mtu wa kubahatisha, leo yupo kesho hayupo. Mmoja akacheka akasema wale hupewa dola mkononi, chama wakitakie nini?

Sisi tunaoandika ukurasa huu tunasema wanakihitaji, na chama nacho kinawahitaji.

Mlima huo ni Rwenzori. Tunauona kutoka kwenye mistari ya chai asubuhi mawingu yakikubali. Kilele chake cha Margherita kina mita 5,109, cha tatu kwa urefu katika Afrika, na upande wa Uganda umekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1991. Mtalii anayetaka kuikanyaga theluji huingia kwa Nyakalengija, akalala Nyabitaba, akalala John Matte, akapita bonde la Bujuku kwenye matope yanayofika magotini, hadi kibanda cha Elena kwenye mita 4,541. Kwenda na kurudi ni wiki nzima, pengine zaidi. Mtalii hutembea na kibegi cha maji na koti la mvua. Lakini huko juu hula chakula cha moto, hulala ndani ya mfuko mkavu, na asubuhi hufungwa kamba na vyuma vya kukanyagia barafu. Vitu hivyo havikupanda vyenyewe. Vimepanda juu ya mgongo wa mtu aliyevaa gambuti, katika hewa ambayo kwenye kilele ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani.

Na si jambo jipya. Mwaka 1906 mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alipofika kileleni, alikuja na msafara mrefu wa wapagazi, na kambi yake ilikuwa chini ya mwamba wa Bujongolo. Vilele vikapewa majina: Margherita, malkia wa Italia; Alexandra, malkia wa Uingereza. Milima mingine ni Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi. Wakonjo, ambao mlima ni wao na ambao huuita Rwenzururu, yaani mahali pa theluji, utayatafuta majina yao kwenye vilele hivyo usiyaone. John Matte alikuwa Mkonjo, akasimamia wapagazi, naye akapewa kibanda. Malkia ambao hawakufika wamepewa vilele.

Mwenzetu alitueleza safari yake ya pili. Langoni mzigo ulipimwa, ukaonekana sawa. Walipoupita mto na lango halionekani tena, msimamizi wa safari akamwongezea sufuria, mafuta ya taa na kuku wawili. Sisi wa chai hadithi hiyo tunaijua. Tumewahi kusimama mbele ya mizani ambayo kilo zake ni za tajiri, si za dunia. Kwetu kilo hupungua ili tulipwe kidogo; kwake kilo huongezeka bila malipo. Usiku alilala bila blanketi la kutosha, kwa kuwa nafasi ya blanketi lake ilikuwa imechukuliwa na kuku. Aliporudi, vidole viwili vya mguu vilikuwa havina hisia, na hakulipwa hata siku moja ya matibabu.

Katika suala la uzito tusidanganyane kwamba sheria hazipo duniani. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba namba 127 mwaka 1967, unaokataza mfanyakazi kubebeshwa mzigo unaoweza kuhatarisha afya yake. Pendekezo lililofuatana nao lilitaja kilo 55 kwa mwanamume. Kilo 55! Huo ni mfuko wa saruji na zaidi. Waliokaa mezani siku ile hawakuwa wakifikiria matope ya Bujuku. Peru iliwatungia wapagazi wake sheria mwaka 2001, ikaweka kilo 20. Kilimanjaro, kwa ndugu zetu wa Tanzania, mpaka ni kilo 20 vilevile. Lakini hata huko mizani ya langoni haikutosha. Tangu mwaka 2003 kuna mradi maalumu wa kufuatilia jinsi makampuni yanavyowalipa na kuwalisha wapagazi, na kuwaazima makoti na viatu. Karatasi isiyo na mtu wa kuisimamia huliwa na mchwa.

Sasa tuje kwenye neno "kubahatisha", kwa maana ndilo lililotumika kumfungia mlango. Kanuni za Ajira za Uganda za mwaka 2011 zinasema kibarua asiwekwe katika ukibarua zaidi ya miezi minne. Akipita hapo anastahili mkataba wa maandishi. Mpagazi huchukuliwa siku saba, akaachwa, akachukuliwa tena siku nane. Anaweza kubeba miaka kumi asifikishe miezi minne mfululizo. Je, si mchezo ule ule tuliochezewa shambani, tulipoachishwa kazi wiki moja kabla ya miezi minne kutimia, kisha tukaitwa tena? Kama sisi tulikuwa wafanyakazi siku zile, naye ni mfanyakazi.

Na hizo dola za mkononi? Bahshishi si mshahara. Humtegemea mgeni amefurahi au mvua imemharibia safari. Huja kupitia mikono mingine kabla ya kumfikia aliyebeba, na haikatwi shilingi ya NSSF. Tangu mwaka 2022 sheria ya mfuko huo inamgusa kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Pia tusichanganye na ile asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi inayorudishwa kwa wananchi wa mpakani. Hiyo ni fedha ya kijiji. Mpagazi haili kama ujira.

Ugumu upo, hatuufichi. Ada ya mtu anayefanya kazi siku saba na kukaa wiki tatu itakusanywaje? Nani atakwenda langoni alfajiri na daftari? Tena barafu yenyewe inakwisha: mwaka 1906 ilikuwa kama kilometa za mraba 6.5, mwaka 2003 haikufika hata moja. Wazee wa Kilembe wanakumbuka shaba ilipokoma mwaka 1982, na leo watalii hupita katika nyumba zao wakienda mlimani. Theluji ikiisha, aliyekuwa nje ya daftari ataondoka bila hata cheti cha kuonyesha kwamba aliwahi kufanya kazi.

Tunapendekeza ada ilipwe kwa safari badala ya mwezi, na tawi lidai mambo matatu kwanza: mzigo upimwe pia kwenye kibanda cha kwanza, blanketi na koti la mvua vitoke kwa mwajiri, na majina ya wapagazi yaandikwe kabla ya kila safari.

Kura ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, penye kibanda cha kupimia chai. Mwenzetu atakuja na mzigo aliobeba safari iliyopita, pamoja na sufuria. Mizani itakuwapo.