Mcheza Kwao Hutunzwa

Zipo timu zinazokumbukwa kwa vikombe vyao, na zipo zinazostahili kukumbukwa kwa funzo zilizoliacha. Team Hawaii ni ya kundi hili la pili. Timu hiyo ya wachezaji wa kulipwa iliishi msimu mmoja tu, ule wa 1977, katika Ligi ya Soka ya Amerika ya Kaskazini, NASL; nayo ligi yenyewe ilicheza msimu wake wa mwisho mwaka 1984, ikafungwa mwaka uliofuata. Hawaii ni mbali, lakini mtu yeyote wa visiwani, na hasa aliyekabidhiwa dhamana ya michezo, hatakosa kuona katika habari hii mambo anayoyafahamu.

Timu hiyo haikuzaliwa Hawaii. Kwa misimu miwili, 1975 na 1976, ilikuwa katika mji wa San Antonio, Texas, ikiitwa San Antonio Thunder, kisha ikahamishiwa Honolulu. Huko ilikikuta Kiwanja cha Aloha, mali ya serikali ya jimbo, kilichofunguliwa mwaka 1975, chenye nafasi za watu wapatao 50,000 na kilichotandikwa majani ya bandia. Wachezaji walikuwa wageni kwa wingi wao, na kocha wa kwanza, Hubert Vogelsinger, alikuwa mzaliwa wa Austria. Kwa kifupi, kila kitu kililetwa isipokuwa watazamaji. Na watazamaji ndio waliotakiwa walipe.

Lakini bahari haikujali mipango hiyo. Msimu ule ulikuwa na michezo 26, nusu yake ugenini, na wapinzani waliokuwa karibu zaidi, wa San José na Los Angeles katika jimbo la California, walikuwa umbali wa kilomita 3,800 na zaidi. Palipokuwa na timu bara ambayo ingeweza kwenda kupambana na jirani yake kwa basi na kurudi kulala nyumbani, Team Hawaii haikuwa na safari hata moja isiyohitaji ndege na hoteli. Gharama za namna hiyo hazina likizo. Timu ishinde au ishindwe, nauli ni ile ile.

Matokeo hayakuwa ya aibu. Kocha alibadilishwa kabla msimu haujamalizika, kazi ikashikwa na mchezaji Charlie Mitchell, na timu ikamaliza kwa kushinda mara 11 na kushindwa mara 15. Zipo timu zilizofanya vibaya kuliko hivyo na zikaishi. Pigo lilitoka kwenye lango la kiwanja: wastani wa watazamaji haukufika 5,000, yaani katika kila viti kumi, tisa vilikaa vitupu. Msimu ulipokwisha timu ikafungasha mizigo kwenda Tulsa, Oklahoma, ikabadili jina na kuwa Tulsa Roughnecks. Na kwa jina hilo, mwaka 1983, klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa ligi.

Wako watakaosema kwamba lawama ni ya wenyeji, kuwa hawakuipenda soka na hawakuwa na subira. Hatukubaliani nao. Watu wale wale waliishangilia kwa miaka mingi timu ya besiboli ya Hawaii Islanders, iliyodumu Honolulu tangu 1961 hadi 1987 na kutwaa ubingwa wa ligi yake mwaka 1975 na 1976. Wenyeji wa visiwa wanajua kupenda timu. Lakini mapenzi hayaagizwi kwa meli pamoja na jezi. Humea taratibu, mtu anapomtazama mchezaji uwanjani na kusema, huyu ni mtoto wa mtaa wetu. Hata hiyo timu ya besiboli, iliyokuja kutoka Sacramento, haikusalimika: mwisho wake ilihamishiwa Colorado Springs.

Hatumlaumu mfanyabiashara. Yeye hupeleka mali yake panapo soko, na soko likikauka huihamisha. Hiyo ndiyo kazi yake. Tunachokataa ni viongozi kuihesabu mali ya mfanyabiashara kuwa ni maendeleo ya michezo ya wananchi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na timu ya kuazima haikijengei kisiwa heshima ya kudumu.

Tazama sasa upande wa pili. Mwaka 1978, timu ikiwa imekwisha kwenda Tulsa, huko Haleiwa katika kisiwa cha Oahu alizaliwa mtoto aitwaye Brian Ching. Alijifunza soka visiwani akiwa mdogo, akaja kuwa mtu wa kwanza wa Hawaii kuchezea timu ya taifa ya Marekani, na akawamo katika kikosi cha Kombe la Dunia la 2006. Naye Natasha Kai, wa Kahuku katika kisiwa hicho hicho, aliichezea timu ya Chuo Kikuu cha Hawaii, kisha akarudi na medali ya dhahabu ya Olimpiki ya 2008, baada ya bao lake katika muda wa nyongeza kuitoa Kanada kwenye robo fainali. Hawa hawakununuliwa popote. Na popote walipokwenda kucheza, hapana mwenye mali aliyeweza kuuhamisha utoto wao.

Kwa hiyo basi, twawaomba wakuu wa serikali za visiwa, siku atakapokuja mtu na timu iliyokamilika mkononi, akitaka kiwanja cha umma na nafuu ya kodi, wamuulize maswali matatu kabla ya kupiga muhuri. Baada ya miaka mitatu, vijana wangapi wa hapa watakuwa wanaivaa jezi hiyo? Nauli ya kuvuka bahari ataibeba nani msimu utakapokuwa mbaya? Na timu ikiondoka, kitabaki nini: makocha waliofundishwa, viwanja vya shule, mashindano ya watoto, au viti vitupu tu?

Asiyeweza kujibu asifukuzwe. Alipe kodi ya kiwanja kama mpangaji mwingine yeyote. Fedha za wananchi ziende kwanza kwenye mpira wa shuleni, kwa mwalimu anayebaki jioni na watoto bila ya posho, na kwenye nauli ya boti ya kuvikutanisha vijiji. Kazi hiyo haina shangwe za siku moja, wala haipigwi picha mara kwa mara. Lakini mcheza kwao hutunzwa, na sharti la kwanza la msemo huo ni kwamba awepo wa kwao wa kucheza.