KINAMASI CHETU TUSIKIGAWE

Ndugu wanakijiji na wanachama wa Ushirika,

Wiki iliyopita wajumbe kumi tulitembelea bwawa la Nyumba ya Mungu. Tulifika alfajiri. Jamani, kimya kile! Mitumbwi inapita polepole, mnandi wanaanika mabawa, na kule Ruvu na Kikuletwa zinakoingilia, matete yamesimama kama ukuta.

Bwawa hilo lilijengwa miaka ya 1960. Maji yake yanazungusha mitambo ya umeme ya hapo hapo, kisha ya Hale na ya Pangani. Kijito chetu kinaingia Ruvu, kwa hiyo tunayoyafanya huku yanafika kule.

Wavuvi walitueleza kuwa matete ndiyo chujio. Maji yakipita humo yanaacha tope, na samaki wadogo wanapata pa kujificha. Lakini makokoro yalikomba mpaka wachanga, ikabidi mwaka 2016 Serikali isimamishe uvuvi. Na chini ya bwawa, kinamasi cha Kirua kimepungua sana tangu mafuriko yazuiwe. Waliotegemea samaki na malisho ya huko wamepata hasara. Yaani maji ukiyashika hapa, mwenzako wa kule ndiye anayelia.

Sasa turudi kwetu. Mkutano uliopita ulikubali kinamasi chetu kigawiwe vipande. Hata sisi tunaoandika haya tulinyoosha mkono. Leo tunasema wazi, tulikosea.

Vijana hawana mashamba, hilo ni kweli, na njaa haishibi hotuba. Lakini tukichimba mifereji na kukausha kinamasi, tutavuna mahindi misimu miwili mitatu. Chemchemi ikikauka je, akina mama watateka maji wapi? Ng'ombe watanywa nini? Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kando ya mito, mabwawa na maziwa. Tusijifanye hatujui.

Shauri letu ni hili: lile shamba la Ushirika la juu, ambalo limelala bila jembe, wapewe vijana walime. Matete yakatwe kwa zamu, ya mikeka na kuezekea tu. Mifugo inywee sehemu moja.

Jumamosi saa tatu asubuhi tukutane tena shuleni, tulirudie jambo hili. Aliyekubali na aliyekataa, wote waje. Kugeuza uamuzi mbaya si aibu; aibu ni kuwarithisha watoto vumbi.

Ni sisi,
Katibu wa Tawi, kwa niaba ya wajumbe wa ziara