Neno la Muhula: Kabali



Katika kikao chetu kilichopita tulijipa zoezi la kutafsiri waraka wa polisi wa hapa Marekani kuhusu kumshika mtu shingo wakati wa kumkamata. Tulidhani tutamaliza kabla chai haijapoa. Kumbe kichwa cha waraka peke yake kilitukalisha saa nzima. Aliyekulia Dar es Salaam alisema, "Hiyo ni roba." Wa Nairobi akadakia, "Kwetu ni ngeta." Wa Unguja akatupa neno la kamusini: kabali. Roba na ngeta ni kazi ya vibaka wa vichochoroni. Waraka wenyewe ulisema "udhibiti wa shingo", ungedhani ni huduma ya hospitali.

Jina si jambo dogo. Kukaba kuna namna mbili. Ya kwanza hubana koo kwa mbele, pumzi isipite. Ya pili huminya mishipa ya damu pande zote mbili za shingo, ubongo ukose damu, mtu azirai kwa sekunde chache. Vikosi vingi vilikataza ya kwanza na kufundisha ya pili, vikiiita salama. Lakini kwenye mazoezi kuna mkeka, na mwenzako akizidiwa hugonga mkono umwachie. Barabarani mtu hupapatika na kujigeuza, na mkono uliokuwa ubavuni mwa shingo huishia kooni.

Basi ikatazwe tu? Polisi wa New York walikataza kabali tangu 1993. Tarehe 17 Julai 2014 Eric Garner alikabwa na askari huko Staten Island, akasema mara 11 kwamba hawezi kupumua, akafa. Watetezi wa askari walidai ile haikuwa kabali bali mbinu halali ya kumwangusha mtu, inayoitwa "mkanda wa kiti". Jina likabadilishwa, katazo likakwepwa. Askari huyo alifukuzwa kazi Agosti 2019, miaka 5 baadaye.

Minneapolis ilikuwa na mwongozo ulioruhusu kukaba shingo kwa masharti. Tarehe 25 Mei 2020 Derek Chauvin aliweka goti shingoni mwa George Floyd kwa dakika 9 na sekunde 29. Mahakamani, mkufunzi wa kikosi chake alisema goti lile si mbinu waliyofundisha. Tena, tangu 2016 kanuni za kikosi zilimtaka askari amzuie mwenzake anayezidisha nguvu. Karatasi zilikuwepo.

Askari mmoja aliyekuwa katika siku zake za mwanzo kazini aliuliza mara mbili kama wamgeuze Floyd alale ubavu. Mkubwa wake alikataa, goti likabaki pale pale.

Hapo sote tulinyamaza. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo tunaujua uzito ule. Nani kati yetu amewahi kumwambia mjomba wake mbele za watu, "Acha"? Tukiona mkubwa anakosea, huuliza swali kwa adabu, tukitumaini atatuelewa. Yule kijana naye aliuliza. Swali halikumwokoa mtu, na Februari 2022 mahakama ya shirikisho ilimtia hatiani pamoja na wenzake wawili.

Juni 2020 Minneapolis ilikubali kukataza kabali za kila aina, na kumtaka kila askari, hata awe mgeni kazini, amzuie mwenzake kwa mdomo na kwa mikono. Kanuni ni nzuri. Lakini ulimi nao hufunzwa kama mkono. Kama askari alirudia kabali mkekani mpaka mwili ukaizoea, basi kuruta naye asimame mbele ya sajini wake na kutamka kwa sauti, "Acha! Mwachie!", arudie mpaka neno limtoke bila kufikiri. Wakati wa kumwuliza mkubwa kwa adabu upo, ila si pale mtu anapokosa pumzi.

Kuhusu tafsiri yetu, tulifuta "udhibiti wa shingo" na kuandika "kabali". Mwenye neno la wazi zaidi alilete kikao kijacho, chai ipo.