SHAURI LA MWEZI: Motokari mpya, lakini imekwaruzika



Mwezi uliopita, siku ya Posho jioni, baba mumoja na bibi yake walifika kwangu. Baba aliikaa upande huu wa meza, mama upande ule. Nikatoa maji ya kunywa, kila mumoja akakunywa bila kumutazama mwenzake. Nikajua: hapa kuna neno.

Neno lenyewe ni hili. Huyu baba ni mekanisie, anatumika kwenye kariere. Mama anauzisha unga na mafuta sokoni. Miaka 5 walichunga makuta pamoja: ya baba ilitoka kwenye mushahara, ya mama ilitoka kwenye likelemba ya sokoni. Motokari yao ya zamani ilikuwa inawakulia makuta katika garaje karibu kila mwezi, na kwa hiyo walisema: safari hii tununue mpya. Wakaenda Lubumbashi, kwa muuzishaji mumoja. Kule wakakuta mbili za namna moja, za mwaka mumoja, za bei moja. Ile nyeupe ilikuwa inang'aa, hata alama moja haina. Ile ya buluu ilikuwa na grife kwenye mulango wa nyuma, urefu kama wa kiganja cha mukono. Muuzishaji akawaambia: "Mukitwaa hii ya buluu vile iko, nitapunguza dolari 300."

Baba hakutaka kusikia. "Tata," aliniambia, "mi siwezi kutosha makuta yote ile juu ya kitu ya kukwaruzika. Batu ba mu kambi batasema tulinunua okazioni."

Mama akajibu pole: "Grife haikulake mafuta. Na dolari 300 ni minerval ya batoto."

Basi wakanitazama wote wawili. Walinifikia kwa sababu nilipaka rangi za motokari miaka 22 katika garaje ya kampani, kabla ya kupumuzika. Lakini mimi sikutaka kusema nani ana haki. Niliwauliza ulizo moja tu: "Ile grife, mulitia ukucha ndani?" Hawakufanya hivyo. Waligombana juma moja nzima juu ya kitu wasichokipima.

RANGI NI SAWA NGUO

Ndugu musomaji, ujue kwanza motokari inavaa nini. Chuma chake kimevaa nguo ine, moja juu ya ingine. Ya kwanza ni ile ya kuzuia kutu. Kwenye uzine wanaingiza mwili wote wa motokari ndani ya beseni kubwa, na umeme unaibandika hata kwenye pembe zisizoonekana. Ya pili ni apre. Ya tatu ni rangi yenyewe, buluu ao nyeupe. Ya ine ni verni, ambayo haina rangi, ndiyo inayong'aa na kuchunga zingine. Zote ine pamoja hazipite sana unene wa karatasi moja ya kaye: ni sehemu moja ya kumi ya milimeta, ao zaidi kidogo.

Kwa hiyo usiulize tu "grife ni ndefu namna gani?" Uulize "imeingia mpaka kwenye nguo gani?"

Uoshe pale vizuri, ukaushe. Usitazame motokari yenye kuwa na maji, wala usiku, kwa sababu maji yanajaza mikwaruzo na kuificha. Utazame asubui, jua likiwa upande. Kisha upitishe ukucha pole pole, ukikata ile grife katikati.

Kama ukucha unapita bila kushikwa, ni verni tu. Mutu anayejua kazi ataipolisha kwa saa moja, na haitaonekana tena. Kama ukucha unashikwa, utazame chini ya ule mufereji. Ukiona rangi ingine, nyeupe ao ya majivu, umefika kwenye apre. Itaomba rangi kidogo na verni. Ukiona chuma chenyewe, pale usichelewe. Mvua zetu zinaanza karibu mwezi wa 10 ao wa 11 na kuendelea mpaka mwezi wa 4. Kutu haitangoja mwezi wa 4. Lakini kama ni parshoki ya plastiki, kutu haipo. Ni sura tu.

TULIRUDI PAMOJA

Siku ya Kwanza asubui tulipanda bisi, sisi watatu, kilometa karibu 300 mpaka Lubumbashi. Katika mufuko nilitia vitu viwili: kitambaa safi, na sumaku ndogo, ile tunaitaka ema.

Tulianza na ya buluu. Ukucha wangu ulipita bila shida, isipokuwa mwisho wa grife, nafasi ya mbegu moja ya mahindi. Pale ulishikwa, nikaona weupe wa apre. Chuma hakikuonekana. Nikamuonyesha baba, akapitisha ukucha wake mwenyewe, mara mbili. Hakusema kitu.

Kisha nikasema: "Sasa twende kwa ile nzuri." Baba akashangaa. "Ile haina kitu, Tata." Nikamujibu: "Kitu kisicho na kitu, ndicho kinapimwa zaidi."

Nilifunika sumaku na kitambaa, ili nisikwaruze, nikaibandika kwenye mulango. Ikashika. Kwenye kapo, ikashika. Kwenye ubavu wa nyuma, upande wa kuume, juu ya gurudumu, ikaanguka chini. Nikairudisha, ikaanguka tena. Mama akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Chini ya ile rangi nyeupe kulikuwa mastike. Sumaku inapenda chuma. Mastike ikiwa nene katikati yao, haishike tena. (Ujue vilevile kwamba haishike kwenye plastiki wala kwenye aluminiumu, basi ulinganishe upande wa kuume na upande wa kushoto.) Nilitazama kando ya kaoshu ya kioo, nikaona unga mwembamba wa rangi nyeupe. Uzine haipake kaoshu.

Tukamuita kijana anayechunga motokari pale. Alitazama chini, kisha akasema kweli: wakati wa kuishusha kwenye kamyo iligongwa kwenye chuma, "basi balitengeneza kidogo." Bei yake hawakupunguza hata franga moja, kwa sababu hakuna mutu aliyeona.

Nilimuhurumia baba. Motokari nyingi zinazofika kwetu zinashuka kwenye bandari ya Dar es Salaam, kisha zinapita Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa: ni karibu kilometa 2,000. Kwenye njia ya namna ile, kugongwa ao kukwaruzwa si ajabu, na si zambi. Zambi ni kufunika na kunyamaza.

Na mimi mwenyewe nisijifanye mwenye akili. Zamani nilinunua kamyoneti moja iliyong'aa sawa kioo. Mimi, mupaka rangi! Nilinunua saa kumi na mbili za jioni, juu ya haraka. Mwaka wa pili mastike ilipasuka kwenye mulango, ikaanguka kipande kizima, na kutu nyuma yake ilikuwa imekula chuma. Bibi yangu hakunisemea neno. Ule unyamavu wake ulinilipisha bei zaidi.

SHERIA INASEMA NINI?

Wengi hawajui neno hili. Katika inchi yetu kuna sheria ya mapatano ya tarehe 30 mwezi wa 7, 1888, na mpaka leo inatumika. Inatenganisha vilema viwili. Kilema cha kuonekana, ambacho munuzi aliweza kukiona yeye mwenyewe, muuzishaji hakijibu. Kilema cha kufichwa, ambacho kinaharibu kitu ao kupunguza sana faida yake, anakijibu. Maana yake: ukichukua motokari yenye grife bila kuandika kitu, usirudi kesho kulalamika. Ulikuwa na macho.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sinyature, uandikishe mambo matatu kwenye fakitire ao kwenye karatasi ya kupokelea: (1) kilema kiko wapi na urefu wake, (2) makuta waliyopunguza kwa sababu yake, (3) kwamba garanti ya motokari inabaki nzima, hata ile ya kutu kama iko. Neno la kinywa, upepo unalibeba. Upige na foto kwa telefone yako, siku ile ile, mbele ya muuzishaji.

WAKITAKA KUIPAKA RANGI WENYEWE?

Muuzishaji wetu alisema vilevile: "Ao mungoje siku mbili, tutapaka mulango wote, mulipe bei nzima." Nilikataa, na nitasema sababu. Kwenye uzine rangi inakaushwa ndani ya furu yenye moto wa digre karibu 140. Katika garaje hatuwezi kufika pale, kwa sababu motokari imekwisha kuvaa matairi, plastiki na nyuzi za umeme. Hata garaje yenye furu nzuri inaishia karibu digre 60 ao 80, kwa rangi ya namna ingine. Na garaje nyingi zetu furu yao ni jua, na vumbi ni rafiki wa kila siku. Tena, rangi yenye metalike inaweza kutofautiana: kwenye kivuli ni moja, kwenye jua ni mbili. Mulango wa uzine wenye grife ndogo ni bora kuliko mulango wote uliopakwa haraka ili uuzishwe.

Basi ufanye hesabu. Uulize kwanza wapaka rangi wawili: kutengeneza hii, makuta ngapi? Sisi tuliuliza: mumoja alisema dolari 100, mwingine 120, mulango mzima. Muuzishaji alikuwa amepunguza 300. Hesabu ilikuwa wazi hata kwa mutoto wa shule. Kama angepunguza 50 tu, ningewaambia warudi nyumbani na makuta yao.

Na usinunue kama ukiona moja ya haya: chuma kimekunjika pamoja na grife; vise za mulango ao za kapo zimekwaruzwa na ufunguo; nafasi kati ya mulango na mwili si sawa huku na huku; ao muuzishaji anakasirika ukitoa sumaku. Hili la mwisho ni kubwa kuliko yote.

NENO LA AIBU

Walinunua ya buluu. Katika bisi, wakati wa kwenda, hawakuikaa pamoja; wakati wa kurudi, baba alimupa mama kiti cha mbele.

Lakini sikudanganye, aibu haikuisha siku ile. Kambini mutu alipitisha kidole kwenye mulango akasema: "Kumbe ni okazioni?" Baba aliniambia kwamba alitaka kujibu vibaya. Kisha akajibu: "Ni mpya. Grife ilitupatia minerval ya myezi." Watu wakacheka, neno likaisha.

Wababa wenzangu, tuseme kweli. Mara nyingi hatununue motokari, tunanunua macho ya majirani. Na makuta ya likelemba yalikuwa ndani pia. Jasho la mama halikuwa la kulipia macho ya majirani. Mama alisema kweli toka mwanzo, lakini hata yeye hakuwa amepima. Kweli isiyopimwa inaweza kumupoteza mutu sawa vile uongo. Ingekuwa chuma wazi, ao ubavu uliokunjika, dolari 300 zingekuwa mutego.

Na ninyi vijana munaosafisha motokari pembeni ya njia: vumbi letu jekundu ni sawa karatasi ya kusugulia mbao. Musipanguse kavu. Mumwange maji kwanza, kisha sabuni. Ukikwaruza motokari ya mutu, umwambie. Atakasirika siku moja. Ukificha, hatakuamini tena.

Juma lililopita nilikutana na ile ya buluu sokoni. Njia ya Likasi imekwisha kuitia alama zake: mawe madogo ya kamyo za minerai yamepiga kapo, hapa na hapa, na baba ameziziba moja moja kwa rangi ya kichupa, ya namba ile ile iliyoandikwa kwenye nguzo ya mulango. Nilitafuta grife yetu kwenye mulango wa nyuma. Nilizunguka mara mbili. Mama alinitazama kutoka nyuma ya unga wake, akasema: "Tata, unatafuta nini? Siye benyewe hatuione tena."

Tuonane mwezi unaokuja.